Mfereji wa Salma

Malindi, Jumatano

Kaka Mwadime,

Shikamoo. Usicheke. Huku pwani mdogo haanzi neno lolote kabla ya kumwamkia mkubwa, na mwaka wa pili huu mdomo wangu umeshazoea, kwa hivyo niitikie marahaba huko huko milimani. Wifi hajambo? Na ule mgongo wake je? Mvua imewafikia au bado mnatazama mawingu yakiwapita? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na nimeshahama viti viwili tangu nianze ukurasa huu.

Ulisema nikuandikie kwa sababu kwenye simu nakukatiza. Ni kweli. Unataka maoni yangu kabla ya mkutano wa Jumapili: mmeletewa habari za mita, nyumba kwa nyumba, na wewe mwenyekiti wa maji huna uhakika kama watu wakubali kulipia maji ambayo baba zetu waliyashusha kutoka kwenye chemchemi kwa majembe yao. Ukasema, "Wewe ndiye unayefanya kazi na maji, sema." Mwezi uliopita ningekujibu kwa mstari mmoja. Ningesema walipe, tena bila kunung'unika.

Maana maji ya huku hayashuki mlimani yenyewe. Yanavutwa kutoka upande wa mto Sabaki kwa mashine za umeme, yanatiwa dawa, yanasukumwa mpaka mjini. Bomba likipasuka mimi ndiye ninayeingia topeni na spana. Karo ya watoto ninayowatumia inatoka kwenye bili za watu. Asiyelipa namfungia koki, naweka kufuli, naondoka bila kugeuka nyuma, kwani ukigeuka unasikia mengi.

Sasa nikueleze lililonitoa usingizi. Katika mtaa ninaohudumia yupo mama mmoja wa Kiswahili, Bi Zuhura, mpika mahamri. Nyumba yake ina mifereji miwili ya maji ya bomba, mmoja ndani na mmoja nje, ukutani, karibu na baraza. Ule wa nje aliufungua katika khitma, kile kisomo cha arubaini ya binti yake Salma, aliyefariki akiwa msichana. Wenyewe wanaita maji ya sabili. Anateka yeyote, Mwislamu, Mkristo, mpita njia, na haulizwi neno. Kila mtungi unaojaa, thawabu zake zinamwendea Salma. Lakini mita ni moja na bili inakuja kwa jina la Bi Zuhura.

Bili ikamshinda. Nikatumwa kukata, nikakata. Alisimama mlangoni akiniangalia, akasema tu, "Haya mwanangu, ni kazi yako." Afadhali angenitukana.

Ndipo nikafanya ujinga wangu, kaka, na niliufanya kwa roho nyeupe kabisa. Nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Jioni baada ya kazi nikachukua daftari, nikapita nyumba baada ya nyumba kwa wote wanaoteka pale, nikawaambia wachange. Jirani yake wa karibu, Mama Kadzo, Mgiriama anayeuza samaki wa kukaanga, alitoa kabla sijamaliza kusema. Siku mbili tu pesa zikatimia. Nikalipa ofisini, nikarudi na ufunguo wangu, nikafungua koki. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikapanda juu ya baraza, nikafungua daftari, nikasoma majina ya waliochanga na alichotoa kila mmoja, kwa sauti, kama unavyosoma wewe michango mbele ya kanisa. Nilikuwa nimevimba kichwa kweli kweli.

Bi Zuhura akatoka na leso yake kichwani. Akanisikiliza mpaka jina la mwisho. Kisha akanyoosha mkono akaufunga mfereji, mitungi ikiwa nusu, akarudi ndani.

Asubuhi akaniita. Sikukaribishwa kukaa.

"Nani aliyekutuma?"

"Hakuna, Bi. Nilitaka kusaidia."

"Umemuuza mwanangu. Tena umemsoma na bei yake."

Nikamwambia maji hayakuuzwa, deni ndilo limelipwa. Akatikisa kichwa.

"Sikia, mwanangu. Jana Mama Kadzo alikuwa akiteka maji ya Salma. Leo yuaja kuteka yake, ameshayalipia. Mimi nampa nini mwanangu sasa? Na yule asiyekuwa na cha kutoa, ataweka wapi uso wake?"

Nilitaka kubisha. Unanijua. Lakini njiani nikielekea kwake nilikuwa nimempita mama mjane wa nyumba ya makuti, ambaye sikumwandika kwenye daftari kwa kuwa alisema hana kitu. Alikuwa akinunua mtungi kwa mtu wa mkokoteni, kwa bei kubwa kuliko ya kampuni yetu, na mfereji wa Bi Zuhura, ambao waliochanga walishaufungua tena alfajiri, uko hatua chache kutoka mlangoni pake. Alinikwepa macho. Nikaona haya, kaka, mpaka masikio yakawaka.

Bi Zuhura akaingia chumbani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. "Mrudishie kila mtu chake," akasema. Nikamuuliza hizo ni pesa za nini. "Za sanda na mazishi yangu. Nikifa hawataniacha nje nianikwe juani. Watanizika tu."

Nimepita tena nyumba zile zile na daftari lile lile, safari hii nikirudisha. Hiyo ni aibu ambayo sijaiona maishani. Mama Kadzo aliniwakia: "Kwani pesa zangu zina nini? Zanuka samaki?" Nilikaa naye jikoni nikamweleza mpaka mafuta yakaungua. Mwisho akazipokea, akajifuta macho kwa mkono wenye unga, akasema hajui kama amekasirika au la.

Nikadhani yameisha. Jana Bi Zuhura akaniita tena, nije na spana. Akanionyesha mfereji wa ndani, wa jikoni, anaooshea vyombo na kutawadhia. "Ufunge huu. Uzibe kabisa, usitoe hata tone. Mita ihesabu ya nje peke yake, yote miwili siiwezi kulipia." Nikamwambia Bi, wewe ni mtu mzima, utapikaje, utaoshaje? Akasema miguu yake bado inafanya kazi. Nilibishana naye kwa nusu saa, kisha nikapiga magoti nikaziba bomba. Nilipotoka niligeuka nyuma, mimi niliyezoea kukata maji ya watu bila kugeuka.

Leo asubuhi nimepita makusudi. Mfereji wa nje ulikuwa wazi, yule mjane ameshajaza mtungi wake anajitwika. Na Bi Zuhura alikuwa kwenye foleni na ndoo, wa nne, kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Mama Kadzo alikuwa mbele yake, akataka kumpisha. Bi alikataa.

Nimesimama nikazunguka chumba, nimerudi tena. Ngoja nitoe salamu kwanza. Nisalimie wifi na umwambie ajipumzishe, shamba halikimbii. Msalimie shangazi Wakio, ambaye watoto wako wanamwita nyanya japo anakataa kuitwa mzee, na fundi Mghanga aliyenifundisha kushika spana watu wakicheka. Wapwa zangu uwaambie nimewawekea embe kavu za pilipili.

Jibu lako nimeliacha mwisho kwa kuwa linanichoma. Mita zikubalini. Mabomba yale ya zamani yanaoza, na majembe ya baba zetu hayawezi kuyatengeneza tena. Mwenye nyumba alipie anachotumia. Lakini omba mfereji mmoja uwekwe pale njia panda ya shule, anayepita ateke asiulizwe chochote, na bili yake iandikwe jina langu. Mama yetu hatujamfanyia kitu tangu tumzike, ila ule msalaba wa mbao. Kanisani watasema nimeiga mambo ya watu wa pwani. Waseme. Labda kesho nitaogopa nikifikiria mshahara wangu, lakini barua itakuwa imeshapanda basi la Voi.

Na ninakujua, kaka. Utasimama Jumapili, utatoa daftari la michango, utaanza na jina lako mwenyewe. Usithubutu. Huu ni wangu na mama.

Dada yako,
Malemba