Mama Mkwe Amepona, Jeneza Bado Linanifuata Kwenye Simu

Mpendwa Bi Zeituni,

Naomba msaada, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, kwa sababu wote niliowaeleza jambo hili wamecheka na hakuna aliyenisaidia. Jina langu usilitaje. Mimi ni muuzaji wa viatu vya mitumba hapa sokoni Kibuye, nina mke anaitwa Selpha na binti yetu Shantel, wakwe zangu wako Ahero upande wa mashamba ya mpunga, na shida yangu ni jeneza.

Mama mkwe wangu, Mama Adero, aliugua sana wakati wa mvua, sukari ikapanda, presha ikapanda, tukamleta hospitali huku mjini akiwa hajitambui, na daktari akatuambia yale maneno ambayo madaktari husema wakiishiwa, kwamba wao wamefanya lao, sasa tumwombe Mungu. Selpha akalia, shemeji zangu wakalia, na mimi nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje nikaanza kuogopa, na sikuogopa kifo peke yake, Bi Zeituni, sitaki kukudanganya, niliogopa na aibu pia, kwa sababu kwetu siku ya mazishi mkwe hutazamwa amekuja na nini, na kuna bwana mmoja aliyeoa boma la jirani na wakwe zangu akaleta sanduku la mbao tupu, hata vanishi halikupakwa, na mpaka leo jina lake ni Mbao, na watoto wake ni watoto wa Mbao, na mimi nilijua kwa kuwa ndimi mkwe niliye mjini sanduku litaniangukia mimi. Basi pale pale kwenye benchi nikafungua simu nikaingia kwenye tovuti ya watu wanaouza majeneza, wakaniambia nijiandikishe, nikaona ni kazi, kukawa na kitufe cha kuingilia kwa akaunti yangu ya mtandao wa kijamii, ile ile ninayouzia viatu, nikabonyeza, nikatazama moja baada ya jingine, na moja la rangi ya maziwa lenye vishikio vya dhahabu likanipendeza, nikaliwekea alama ya moyo ili nisilipoteze. Nikalia kidogo, nikarudi ndani.

Kumbe Mungu alikuwa na yake. Mama alifumbua macho, akaomba uji, akalalamika kwamba uji hauna ndimu, na hapo tukajua amerudi. Sasa yuko kwake Ahero, anatembea, anafokea kuku.

Jumapili tukaenda kumsalimia. Unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, yeye alikaa kule ndani na mimi karibu na mlango, akataka kuona picha za Shantel akipewa zawadi shuleni, ambazo nilikuwa nimeziweka kwenye ukurasa wangu, nikampa Selpha simu naye akampa mama. Mama akavaa miwani. Akatazama, akafurahi, akambariki mtoto, akasogeza kwa kidole kutafuta picha nyingine, halafu kidole kikasimama. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, vile anavyosoma Biblia: "Bado unafikiria? Lile ulilolipenda bado lipo, linakusubiri."

Akainua kichwa. "Ora," akaniita, ndivyo anavyomwita mkwe wake, "hii sanduku inangoja nani?"

Bi Zeituni, mkwe hawezi kuinuka akampokonya mama mkwe kitu mkononi, hata nyumba ikiwaka moto, kwa hiyo nilibaki nimenyoosha mkono tu kama mtu anayeomba chumvi, nikasema, "Mama, hiyo ni matangazo tu. Hiyo hutumwa kwa kila mtu."

Selpha akatoa simu yake, akasogeza, akasogeza tena. "Yangu iko na wigi na sufuria," akasema. "Mbona kwangu hakuna mtu amekufa?"

"Ni simu imeharibika."

"Imeharibika ikajua mama yangu alikuwa mgonjwa?"

Mama akavua miwani akaikunja. "Kwani nilikufa na hamkuniambia?" akauliza, na Selpha akainuka kwenda kumimina chai.

Tangu siku hiyo nimejaribu kila kitu, nimebadilisha laini, nimefuta programu nikaiweka upya, nimempelekea mchungaji simu akaiombea, na tulipotoka kanisani likaja jingine la rangi ya kahawia. Nikapandwa na hasira nikaandika chini ya tangazo lao, "Tafadhali msinitumie tena jeneza, hakuna aliyekufa," nao wakanijibu, "Pole kwa msiba, karibu dukani," na watu wangu wakayaona hayo maneno, binamu yangu Ondiek akafunga duka lake Awasi akaja na sukari na blanketi akiuliza tunazika lini.

Haya yote ningeyabeba, lakini mama anatakiwa kurudi kliniki hapa mjini, na amekataa kupanda gari lolote nililolipanga mimi. "Gari ya Baba Shantel inajua pahali inaenda," ndivyo alivyomwambia Selpha. Kliniki moja ameshaikosa, dawa zinaelekea kuisha, na sukari haingoji watu wapatane. Selpha naye ananijibu kwa ndiyo na hapana. Nisaidie, Bi Zeituni, nitalitoaje jeneza hili kwenye simu, na je, niendelee kusema ni simu imeharibika au kuna uongo mwingine ulio bora? Akaunti siwezi kuifunga, ndiyo duka langu.

Ni mimi,
Mkwe, Kibuye.


Mkwe wa Kibuye,

Nimecheka, nimemaliza, na sasa nimekaa sawasawa.

Kwanza, uliniomba nisikutaje jina, halafu ukanitajia mke, binti, mama mkwe, binamu, soko unalouzia na shamba la mpunga lililo karibu na wakwe zako. Majina nimeyabadilisha mimi kabla barua haijachapwa, na ushukuru. Wewe baba unafunga mlango kwa komeo na nyumba haina ukuta wa nyuma. Ndivyo ulivyofanya na simu pia.

Sikiliza basi, maana hapa hakuna jini wala hakuna kilichoharibika, na mchungaji wa watu mmemsumbua bure. Duka lile la majeneza na mtandao unaouzia viatu wanapashana habari. Ukiingia dukani, duka linaupasha mtandao: fulani alikuja, akatazama hiki, akapenda kile. Maduka mengi hufanya hivyo hata kama hukubonyeza kitu. Lakini wewe hukuwaachia kazi ya kukutafuta. Uliingia kwa kitufe cha akaunti yako, yaani ulijitambulisha mlangoni, halafu ukaweka na moyo. Umelichumbia sanduku, bwana, na sasa limekufuata nyumbani.

Kubadilisha laini hakukusaidia kwa sababu akaunti ni ile ile. Kufuta programu na kuirudisha ni kama kutoka kwa mlango wa mbele ukaingia kwa wa nyuma. Na kule kuwaandikia chini ya tangazo lao, Mungu akusamehe, muuzaji hasomi hasira, anasoma kwamba mteja amejibu. Yafute maneno hayo leo. Waambie watu wako kwamba hakuna msiba. Blanketi la Ondiek mpelekee mama, lakini sukari hiyo nywea wewe.

Akaunti usiifunge. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu inayohusu habari zako, na humo tafuta panapozungumzia shughuli zako nje ya mtandao huo, yaani yale ambayo maduka na tovuti nyingine wamepeleka kukuhusu. Utalikuta duka la majeneza limejikalia hapo, pamoja na mengine ambayo hutakumbuka uliyapitia lini. Likate duka hilo. Kisha futa yote ya nyuma. Kisha, na hapa ndipo wengi huacha kazi nusu, zima kabisa ule ufungamano wa siku zijazo, la sivyo utakuwa umedeki huku paa linavuja. Usishangae ukitolewa kwenye sehemu ulizoingia kwa kitufe kile. Jiandikishe upya kwa nenosiri lake peke yake, na kitufe hicho ukikiona tena mahali, kipite kama hukijui. Jeneza likichungulia tena, bonyeza vidoti vya pembeni mwa tangazo uuambie mtandao usikuonyeshe. Usitarajie matangazo yaishe. Yatakuja tu, ila hayatakuwa yanakufahamu hivyo, na pengine utaletewa wigi kama mkeo.

Yamekwisha ya simu. Sasa tuje kwako, kwa sababu umeniuliza kama kuna uongo ulio bora. Hakuna! Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata mlangoni, Selpha aliifunga kwa sufuria na wigi. Na nikwambie, mkeo hakukasirishwa na sanduku. Mama yake alikuwa anakata roho, yeye mwenyewe huenda aliwaza sanda akaona haya kusema. Amekasirika kwa sababu alilinganisha simu yako na yake, akajua, akakuuliza mbele ya mama yake, na wewe ukamfanya mjinga.

Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, mwite Selpha aketi kando yako. Mwonyeshe jina la duka lile, mwambie uliingia siku gani, ulikuwa umekaa wapi, na kwamba ulikuwa unalia. Hata habari ya Mbao mwambie. Atakutukana kidogo, mwache atukane, kisha mpe simu afute yeye kwa kidole chake.

Kwa mama ndipo penye kazi. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, na wewe umekuwa mkwe wa kwanza kumwonyesha mwenyewe angali hai, tena kwa rangi na vishikio. Yule mama alitoka mahali ambapo wengi hawarudi. Alikuja nyumbani akidhani wote mlikuwa mnamwita arudi, halafu akasoma kwa macho yake kwamba kuna kitu kinamsubiri. Ukimwambia ni matangazo tu, unamwambia alikuwa anaota. Moyo wake umeumia, na mtu aliyeumia moyo hapandi gari lako, hata kama kukataa kunamrudisha kitandani. Hilo ndilo la kuogopa sasa. Aibu ya mazishi iache, hakuna mazishi.

Nenda Ahero wiki hii, nenda na Selpha. Adabu iliyokukataza kumpokonya simu haikukatazi kuomba radhi. Kaa pale pale karibu na mlango, usimkaribie, usimkazie macho, na useme kwa sauti ya kusikika: "Mama, siku ile tuliambiwa unatuacha. Niliogopa, nikaenda kutazama sanduku kabla ya wakati wake, halafu nikakudanganya kwamba ni simu. Nimekukosea. Nimekuja tukupeleke kliniki." Basi. Usianze kumweleza mitandao inavyofanya kazi, wala usilisifu lile sanduku, najua unalipenda. Ya Mbao usimwambie leo, mwachie Selpha amsimulie siku mama akiwa amecheka kwa jambo jingine.

Akinyamaza, mwache anyamaze. Akisema hapandi gari lako, usibishane, mlipie teksi anayoijua yeye, dereva amchague yeye, na Selpha akae naye. Kama hiyo pia ataikataa, tafuta mhudumu wa afya wa pale kijijini aje ampime nyumbani siku hiyo hiyo, maana hasira mnaweza kuimaliza mwezi ujao lakini dawa haziwezi kungoja. Na akikubali kupanda gari lako, ujue atapanda na uso wake. Ataketi nyuma, atatazama dirishani kuanzia Ahero mpaka hospitali, hatakujibu hata ukimuuliza kama anasikia baridi. Usimlaumu, wala usimbembeleze. Mwambie dereva aende polepole, na kimoyomoyo mshukuru Mungu kwa kila kilomita anayokununia. Aliyekufa hanuni.

Bi Zeituni