Kisu cha Nne

Sombetini, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu, Mama Yona,

Shikamoo. Ipokee hata kama bado una hasira, maana ile ya kwenye simu hukuiitikia. Bibi anaendeleaje na goti lake? Mtama mmeshavuna, au ndege wamewamalizia? Mimi mwili ni mzima. Yona yu hai. Nalitanguliza hilo usije ukasoma karatasi hii yote umeshika kifua. Mkono wake wa kushoto umevunjika, umefungwa plasta, na yuko mahabusu kama ulivyosikia. Kwamba ameua, hilo ulilosikia si kweli, na ndilo linalonifanya niandike.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na nyumba nzima inachangia. Uliponiambia, "Nilikupa mtoto, umenirudishia muuaji," niliwasikia wengine nyuma yako wakiguna. Hayo nimeyameza. Sasa nisikilize mimi hadi mwisho, maana kwenye barua huwezi kunikata.

Unajua nilivyofika mji huu, na beseni la utumbo kichwani. Leo nina bucha, mizani mbili na wakata nyama wawili. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini bucha yangu iko katikati ya maskani mbili za vijana. Upande wa juu ni Tofali, wale wanaofyatua matofali. Upande wa chini ni Darajani. Mwaka jana walikuwa wanakatana mapanga kama wanafyeka majani. Saimoni, mkata nyama wangu, alikatwa sikio mlangoni kwangu mchana kweupe, mteja akiwa anachagua maini. Sikio lilibaki linaning'inia kwa ngozi. Nililishikilia kwa kitambaa cha kufutia mizani mpaka hospitali. Dereva mmoja wa bodaboda alikatwa mgongo hadi mfupa ukaonekana, kosa lake ni kubeba abiria wa upande mwingine.

Ndipo likaja wazo la ligi. Serikali ya mtaa ikakaa na mchungaji, na imamu, na chama cha bodaboda, na shirika moja lililoleta mipira na jezi. Wafanyabiashara tukatakiwa kutoa mtu mmoja, wakanitoa mimi. Timu nane, kila Jumamosi. Sharti lilikuwa moja: anayeingia uwanjani anaacha chuma chake kwenye kiroba getini, anapewa namba, anakichukua akitoka. Kiroba nilipewa mimi nikishike.

"Kwa nini mimi?" niliuliza.

"Wewe hujawahi kukosea hesabu, Mama Bucha," akasema mwenyekiti wa mtaa, "na vijana wanakuogopa."

Jumamosi ya kwanza niliokota thelathini na moja: mapanga, visu, bisibisi zilizonolewa, na nondo moja yenye mpini wa raba. Ya pili, kumi na tisa. Ya tano, saba. Siku ya fainali, viwili. Dada, watu wanasema mpira umeua. Mimi ndiye niliyeshika kiroba, na nasema mpira ulikuwa unaokoa.

Yona alikuwa kipa wa Tofali. Kazini kwangu anachuna ng'ombe bila kutoboa ngozi, na golini ana mikono ileile. Nahodha wa Darajani aliitwa Lomayani, kijana wa Kiarusha, mrefu, mama yake ananiuzia maziwa. Huyo mama wanamwita Yeyo, yaani mama kwa Kiarusha. Hao wawili mwaka jana wangeuana. Mwaka huu Lomayani alikuwa anakuja bucha kumtania Yona. "Kipa, Jumamosi nakufunga mabao mpaka mama yako mdogo akufukuze kazi." Yona anamjibu, "Wewe kafunge kamba za viatu kwanza." Nikawa nawafukuza wote wawili, mteja wangu anasubiri.

Tatizo lilianzia kwenye zawadi. Shirika lilitaka kutoa vyeti. Vijana wakauliza kama cheti kinachemka kikaiva. Kamati ikakubali dume moja la ng'ombe, timu zote mbili za fainali zile pamoja. Nikasema sawa, lakini achinjwe machinjioni, nyama iletwe imeshakatwa. Mwenyekiti akacheka.

"Mama Bucha, watu wakila nyama ambayo hawakuiona ikichinjwa, kesho watasema ni kibudu. Achinjwe palepale, achinje Mzee Hamisi, Muislamu na Mkristo wale bila maneno."

Mchungaji akaitikia, imamu akaitikia. Hapo sote tulikuwa na akili zetu timamu, tumekaa kwenye viti, tunakunywa chai. Miezi yote tumewanyang'anya vijana vyuma getini, halafu sisi wenyewe tukapanga kuingiza visu ndani. Hakuna aliyeliona. Mimi nililiona kidogo, lakini jina la bucha yangu lilikuwa limeandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa, nikanyamaza.

Nilipeleka visu vinne na shoka moja, kwenye ndoo yenye mfuniko. Yona ndiye huwa anailinda ndoo. Siku hiyo alikuwa golini.

Dume alichinjwa kabla ya mechi, nyuma ya goli la upande wa barabara. Saimoni na mwenzake wakachuna kipindi cha kwanza chote. Wakati wa mapumziko nilihesabu: vinne. Kipindi cha pili watu walisogea, wanashangilia, wanaomba maini, wanasukumana. Walipomaliza kukata nikaosha visu. Vitatu. Kisu chembamba cha kuchunia, chenye mpini niliouzungushia raba nyekundu, hakipo. Nikapekua chini ya ngozi, nikapekua kwenye utumbo. Hakipo. Nikatazama simu yangu, ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Nikatazama uwanjani. Yona yuko golini upande wa pili kabisa, anapanga mabeki wake kwa kelele.

Dada, hapa ndipo penye dhambi yangu. Ningeweza kupiga yowe. Ningeweza kumwita mwamuzi. Nikawaza: nikisema kisu kimepotea, watu watakimbia, wataumizana getini, shirika litaandika kwamba Sombetini imeshindikana. Zilibaki dakika ishirini tu. Nikafunika ndoo, nikaikalia.

Dakika ya mwisho Darajani wakapata penalti. Akapiga Lomayani. Yona akaidaka. Tofali wakashinda kwa lile bao lao moja.

Nyama niliigawa mwenyewe kwa mizani, kilo sitini na nne kwa sitini na nne. Hakuna aliyepunjwa. Lakini shabiki mmoja wa Tofali, wala si mchezaji, akanyanyua kile kichwa cha ng'ombe kwa pembe, akakitupa mbele ya Darajani. "Nyie mlioshindwa chukueni kichwa," akasema, "mtafuteni akili humo." Watu wakacheka. Lomayani hakucheka. Akakiokota, akawa anakirudisha mezani kwangu taratibu, damu inamchuruzika kwenye jezi. Mtu akamsukuma. Wa Darajani mmoja akarusha jiwe. Baada ya hapo sikuona tena mtu mmojammoja, niliona vumbi na mikono. Getini kiroba changu kilipasuliwa kwa ajili ya vile vyuma viwili. Vijana wakang'oa nguzo za kona. Kijana mmoja alipigwa nguzo mdomoni, nikaona meno yanaruka kama punje za mahindi. Mzee Hamisi alikanyagwa akiwa bado na kanzu yake ya kuchinjia.

Watu walipotawanyika, Lomayani alikuwa amelala ubavu, kisu changu cha raba nyekundu kiko pembeni yake. Tumbo lilikuwa wazi. Yona alikuwa amepiga magoti, ameyakandamiza matumbo ya mwenzake kwa glavu zake za kipa, anamwambia, "Tulia, Loma, usijitikise, gari linakuja." Ndivyo wa Darajani walivyomkuta: glavu zimejaa damu, kisu cha bucha anayofanyia kazi kiko miguuni pake. Wakaanza na nondo. Mkono ulivunjika ninausikia. Mtu alikwishaleta tairi. Nilimlalia juu, dada, na mgongo wangu hadi leo ni wa zambarau. Bodaboda ndio waliotuchomoa, wakatupitisha hadi kituo cha polisi.

Lomayani alifariki siku ya pili. Aliyemchoma watu wanamtaja kwa kunong'ona na ametoroka, nami sitaandika jina nisilokuwa na uhakika nalo.

Nilikwenda msibani. Usiniulize nilipata wapi miguu. Yeyo alikuwa ameketi chini. Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: "Visu vyako vilikuwa vingapi?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosea hesabu, nilishindwa kumjibu.

Tangu hapo kamati nzima imekuwa bubu. Shirika limeng'oa bango. Mwenyekiti alinijia bucha, akaegemea kaunta kama mtu wa nyumbani. "Mama Bucha, sema hukujua lolote. Ukisema ulikiona kisu kimepotea ukanyamaza, umejifunga mwenyewe." Nikamuuliza, "Na Yona?" Akasema, "Mahakama itaona."

Haitaona nisipoionyesha. Kisu kilipotoka kwenye ndoo, Yona alikuwa golini mbele ya uwanja mzima, na hakutoka mpaka filimbi. Hilo nalijua mimi peke yangu, kwa sababu mimi peke yangu nilihesabu. Yupo pia beki wa Darajani aliyemwona Yona akija mbio Lomayani akiwa tayari chini, lakini anaogopa wenzake. Ameniambia, "Ukianza wewe, Mama Bucha, na mimi nitasema. Siwezi kuwa wa kwanza."

Basi wa kwanza nitakuwa mimi. Kesho Jumatatu saa mbili asubuhi nakwenda kuandikisha maelezo: vinne wakati wa mapumziko, vitatu saa kumi na moja na dakika ishirini, nami nikafunika ndoo. Wakitaka kunishikilia, wanishikilie. Funguo za bucha nimempa Saimoni. Kabla ya polisi nitapitia kwa Yeyo nimjibu alichoniuliza, asije akakisikia kwa mtu mwingine.

Wewe usije bado. Yona hapendi umwone na plasta. Nilipompelekea uji aliuliza kama ile penalti ilihesabiwa kuwa ameiokoa, akakumbuka, akalia.

Msalimie bibi, umpake ile dawa ya goti. Msalimie shemeji na ng'ombe wake, mwambie yule dume mweusi asimuuze kwa sherehe ya mtu. Msalimie baba mdogo mzee wa kanisa, aombe lakini asitangaze. Mabinti wako wawili waambie kaka yao ni kipa mzuri, na asiyetaka kuamini aje aniulize mimi.

Safari hii ukiniona kwenye simu, itikia shikamoo yangu.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Naomi