Asubuhi Mstari Wetu Wote Ulipoitikia Moyo

Mama Ntumba, marene wangu, mama msimamizi wa kipaimara changu,

Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori, aliyetoka Mwene-Ditu, alisimama kwenye meza yangu sokoni kununua mihogo, akaanza kulalamika kwamba huko hakupata usingizi. Mtaa aliofikia una mama mzee anayepita kila alfajiri nyumba kwa nyumba akiwaamsha watu kwa sauti kubwa, na asiyeitika anagongewa mlango mpaka aitike. Nilicheka hadi nikamzidishia mihogo bila kukusudia. Nikamuuliza mama huyo anaitwa nani. Hakujua. Alijua tu kwamba amechoka. Mama, kama si wewe, basi Mungu aliumba wawili wa namna hiyo, na sidhani Kasai ingewavumilia wote.

Kwa hiyo naandika barua hii wazi, bila bahasha, nimpe dereva aisome mtaani kwa sauti. Kama mama huyo si wewe, ipite mkono kwa mkono mpaka ikufikie. Watu wakisikia, wasikie. Kuna neno moja ndani yake ambalo nimelizunguka tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na ni afadhali lisemwe mbele ya mashahidi. Lakini unanijua, sifiki kwenye neno bila kupitia kwanza jikoni.

Unaukumbuka mstari wetu pale Kapata, hapa Kolwezi, nyumba za kampuni zimepangwa ubavu kwa ubavu, yetu ya tatu na yako ya nne? Kabla ya king'ora cha zamu ya asubuhi, tayari ulikuwa njiani, kitambaa kichwani, ukiita kwenye kila ua: "Moyo!" Katika Kiluba chenu cha Kasai ndivyo mtu anavyomtakia mwenzake uzima. Kwetu moyo ni kitu cha kifuani, na Tata, baba yangu, mtu wa Kongolo, miaka ya kwanza alikasirika kweli. "Huyu mama anatafuta moyo yangu ya nini asubui yote?" Baadaye akazoea kama wengine, akawa anaitikia "Moyo!" huku shavu moja limejaa povu la kunyolea. Familia ya Sandoa, watu waliotoka mji huo wakakaa nyumba ya mwisho, iliitikia. Sisi watoto tuliitikia usingizini, macho yamefumbwa, kisha tukageukia upande wa pili. Watu wakakupa jina la Mama Mulamushi, mwenye kuamsha, nawe ukalipenda kuliko jina la ubatizo.

Sijasahau somo lako la kesheni. Ulitufundisha katekisimu sebuleni kwako, na siku hiyo ulitueleza habari za mtumishi aliyeachiwa nyumba na bwana wake, asijue bwana atarudi saa ngapi. Mimi nilichukua neno kama lilivyo. Nilikesha kweli, na kesho yake nikalala katikati ya darasa, mdomo wazi, kichwa juu ya bega lako, nikaloanisha kitenge chako cha Pasaka. Wenzangu walikufa kwa kicheko. Wewe hukusogea hata kidogo. Nilipoamka ulisema, "We Mado, Yezu alisema tukuwe macho, hakusema tukatae kulala. Mutu wa kulala muzuri njo analamuka muzuri."

Walipokuchagua kuwa mkubwa wa shirika, yaani nyumba zote za mstari wetu zilizosali pamoja kila wiki, Tata Prospère, jirani yetu, alinung'unika kwamba hujui kuhubiri. Na ni kweli, Mama, nisamehe, mahubiri yako yalikuwa kama ugali usioiva, tuliyameza kwa heshima. Ila ukamjibu palepale: "Kuhubiri, batu bengi banajua. Mi najua nani hakuitika leo." Wiki haikuisha, Kambo Feli, bibi yetu wa nyumba ya sita aliyeishi peke yake, hakuitika. Uliita mara mbili, ukauvunja mlango kwa bega, ukamkuta ameanguka karibu na kitanda, mguu umevunjika, hana sauti. Alipopona, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mlango ule ulikuwa mzuri na angependa urudishwe. Tangu siku hiyo Tata Prospère aliitikia kwa sauti kuliko wote, nadhani kwa kuogopa mlango wake.

Ndipo ikaja ile miezi ya kufukuzana. Kazi zilikuwa zinakufa, mishahara haiji, na mikutanoni wakubwa walikuwa wamepata wa kumbebesha lawama: Mkasai arudi kwao. Wewe ulizaliwa Kolwezi. Babu yako aliletwa na kampuni kabla babu yangu hajauona mji huu. Ulikuwa ukitania kisimani, ndoo kichwani: "Banasema nirudi kwetu. Banionyeshe basi njia, maana mi siijui." Akina mama walicheka, kisha kila mmoja akatazama ndoo yake. Na asubuhi ukaendelea kupita.

Vijana waliokuja na chaki hawakuwa wa Kapata. Kazi yao ilikuwa kutia alama milango ya Wakasai, ili wenzao wakija baadaye wajue pa kuingia. Majina hayakuwasaidia, maana akina Ilunga na akina Kabongo wako kwetu na wako kwenu. Basi wakabuni ujanja wa kutembea alfajiri na kuita "Moyo!" kwenye ua. Atakayeitikia kabla hajafikiri, huyo ni Mkasai, mlango wake uchorwe msalaba.

Mama, walikuja kwenye mstari wetu. Wasemao mazoea yana taabu hawakuiona asubuhi ile. Nyumba ya kwanza iliitikia. Ya pili ikaitikia. Tata yangu aliitikia na povu lake. Mimi niliitikia chini ya blanketi. Kambo Feli aliitikia na kuongeza kwamba mlango uko wazi, wasiuvunje. Familia ya Sandoa iliitikia, baba, mama na watoto. Tulipotoka nje, kila mlango una msalaba mweupe, na mkubwa wa vijana amesimama barabarani na kipande cha chaki kisichofika kidole.

"Hii mustari yote ni ba Kasai?" alimuuliza Tata.

"Mi natoka Kongolo," Tata akasema. "Ni ile mama njo anatulamushaka vile. Tulishazoea."

Kijana alitazama huku na huku, akasema watarudi mchana na mtu anayejua nyumba, wakaenda zao. Nawe ulikuja mpaka katikati ya barabara, ukaitazama milango yote, ukacheka hadi ukashika magoti. Nikaelewa, hata mimi mtoto, kwamba msalaba uliopo kila mahali haumwonyeshi mtu. Tukikaa hivyo, wote tumetiwa alama, hawatajua pa kuanzia. Hakuna aliyetuambia tusifute. Haikuwa lazima kuambiwa.

Kabla ya saa nne, mlango wa nyumba ya tatu, yetu, ulikuwa umefutwa. Jirani wa pili aliona, akatoa kitambaa chake. Kisha wa kwanza, kisha wa tano. Watu walifuta wakitazama ukuta. Vijana waliporudi hawakuhitaji mtu wa kuwaonyesha. Mlango wenye chaki ulikuwa mmoja, wa nne, wako. Walikupa muda wa kufunga mzigo, tena walijivunia huruma yao.

Tulikuja kukuona kituoni, ulipokuwa ukingoja treni pamoja na maelfu ya watu, wiki baada ya wiki, mvua ikinyesha. Mama yangu alibeba kikapu cha unga na machozi tele. Tulikukuta huna nafasi ya machozi. Ulikuwa umeshagawa watu kwa mistari kama Kapata, huu mstari uchote maji, huu uchimbe choo, huu uangalie wazee, na kila asubuhi unapita kati ya mahema ya vitenge unaita, unasikiliza nani hakuitika. Mwalimu mmoja mwenye miwani alikuwa akisimamia choo kwa amri yako, na alionekana ana fahari. Hakuna aliyekuchagua. Niliogopa kukutazama, na bado nilitaka kucheka. Nilikupenda sana siku ile, Mama.

Kisha ukamwita Tata kando. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nilisikia yote. Ulimwambia, "Tata Mado, usiumie roho juu ya ile mulango. Uko na batoto sita. Hata mi ningepanguza." Tata akavua kofia. Akasema, "Aksanti, Mama." Hapo ukanigeukia, ukaniachia kazi. Mimi, si mtu mzima yeyote. Ulisema Kambo Feli asipite hata asubuhi moja bila kuitwa, na wengine vilevile, na nisikubali kuitikiwa na mtoto kwa niaba ya mama yake. Nilikubali kwa kichwa.

Nimeifanya, Mama. Mwanzoni niliita "Jambo" kwa kisauti cha panya, na Kambo alinikemea kwamba hivyo siamshi hata kuku. Aliishi miaka tisa zaidi, na asubuhi aliyokaa kimya mimi ndiye niliyejua wa kwanza, nikaingia nikamkuta amelala vizuri. Mlango ulikuwa wazi. Nimewajua majirani kwa sauti zao: yupi amegombana na mumewe, yupi ana mimba na hajasema, yupi hakula jana. Nimeolewa, nimezaa, nimemzika Tata, na mume wangu amezoea kunywa chai ya asubuhi peke yake. Sasa shirika limenichagua kuwa mkubwa wake, na Jumapili hii padri atanisimamisha mbele ya watu. Watu wananipongeza sokoni. Wanasema nimerithi kwako. Nami kila nikisikia hivyo, lile neno linakuja mdomoni na ninalimeza.

Basi nilitoe. Mficha uchi hazai.

Tata hakufuta mlango ule. Tata alikuwa ameshaenda kazini, na mama yangu alikuwa kisimani pamoja na wadogo zangu. Nilikuwa peke yangu nyumbani, nikahisi mlango wetu unanitazama, na nikafuta kwa pindo la sketi yangu ya shule. Hakuna aliyenituma. Nilijua maana yake, kwa sababu nilikuwa nimekuona ukicheka barabarani na nilikuwa nimeelewa. Mimi ndiye niliyekuwa macho kuliko wote kwenye mstari ule, na nilifuta nikiwa macho hivyohivyo. Tata aliporudi aliona weupe kwenye sketi ya buluu. Hakunipiga. Na kule kituoni, ulipomsamehe mbele yangu, alipokea msamaha usio wake na hakugeuka hata kunitazama.

Tukiwa njiani kurudi, nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mi njo mukubwa wa nyumba. Kitu kikiharibika mu nyumba yangu, ni mi nilikiharibu." Tukatembea mpaka karibu na Kapata, ndipo akaongeza, "Lakini we, siku moja utamuambia mama ule."

Tata aliubeba mzigo ule mpaka kaburini, na majirani wengine walimtazama kwa jicho la pembeni miaka yote, wakisema ndiye aliyeanza. Hakuwahi kuwasahihisha. Mimi nilikuwa nikipita kila asubuhi kuwaita watu haohao, na sikuwasahihisha pia.

Kwa hiyo, Mama, ule msamaha wa kituoni ulikosea mtu. Nakuomba umwondolee Tata, hakuuhitaji. Kama bado unao mwingine, unipe mimi. Kama huna, sitakulaumu, na kesho nitapita vilevile. Jumapili padri atauliza mbele ya nyumba zote kama kuna mwenye neno dhidi yangu, na watu watakaa kimya, kwa sababu hawajui. Nimeamua kwamba atakayesimama wa kwanza ni mimi.

Ukae salama huko unakowanyima watu usingizi.

Mwanao wa kipaimara,
Mado, binti wa mtu ambaye hakufuta mlango