Sanduku Linalopumua

Pasua, Moshi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umepoa na mikorosho imeanza kutoa maua. Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho utanipima mwenyewe ukimaliza kusoma. Nimeamua kuandika kwa sababu kila ninapopandisha sauti simuni wewe hukata, na una haki, lakini jambo hili siwezi kulieleza bila kupandisha sauti.

Nimechoka, Baba. Nimechoka na ukungu wa mlima huu, na mbuzi wa mama mwenye nyumba, na zaidi ya yote na ulimi wangu mwenyewe.

Yalianzia kwenye mdahalo wa chuo. Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa nikasema kwamba taifa linaloagiza hata mtikisiko wa besi kutoka ng'ambo limekubali kukodishiwa mapigo ya moyo wake. Walipiga makofi. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Si utengeneze wewe basi, komredi!" Ukumbi mzima ukacheka, nami, badala ya kucheka nao, nikaapa kwamba ifikapo Jumamosi nitakuwa na sabufa niliyoiunda mwenyewe, ndogo kiasi cha kukaa chini ya meza, na yeyote asiyeamini aje chumbani kwangu aisikilize.

Chumba changu unakijua kwa masimulizi: futi kumi kwa kumi, ndani yake kitanda, meza, jiko na mimi. Sabufa kubwa humo ingenifukuza. Kwa hiyo nilichagua spika ya inchi sita niliyoipata gereji kwenye gari lililokufa, nikakokotoa ukubwa wa sanduku lake usiku na mchana. Kanuni yake ni nyepesi: sanduku dogo linataka kuzibwa kabisa. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi inayoirudisha spika kila inaposukumwa. Tundu ni moja tu, la spika yenyewe. Hewa ikipata upenyo mwingine, besi inageuka kuwa mluzi.

Mchoro niliupeleka Shirimatunda kwa seremala mmoja aitwaye Mzee Evaristi, mtu wa Kibosho, anayesifiwa na kila mtu kwa makabati. Jumatano nilikwenda kulichukua sanduku. Baba, wewe ungelipenda sanduku lile. Maungio yamebana hata ukucha haupiti, kona zimeviringwa kama mgongo wa kijiko. Nililigeuza huku nikitabasamu, na mgongoni nikakuta matundu kumi na mawili, safu tatu, kila moja likitosha kidole gumba, yote yamepigwa msasa kwa upendo.

"Hukuyachora," aliniambia mzee kwa upole, "nikakuongezea. Sanduku lisilopumua huku kwetu linaota ukungu."

Sasa uelewe, maana mimi sikuelewa. Huku mlimani unyevu huingia hadi kwenye mikunjo ya shuka. Kabati lisilotobolewa mgongoni huozesha nguo kabla masika hayajaisha. Kwa hiyo seremala wa huku akishapiga ubao wa nyuma, mkono wake huifuata wenyewe keekee ya kutobolea mbao, bila kuulizwa. Alikuwa amenifanyia hisani.

Nami nikamhutubia. Walikuwapo wateja wawili wanachagua kitanda. Nadhani hao ndio walionitia kichaa, kwa maana mimi nikiona watu wawili wamesimama naona mkutano. Nilisema nchi hii haitaendelea kwa sababu kijana anapima na mzee anakisia. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Aliponiuliza taratibu kama kwetu hakuna fundi, nikamjibu kwamba baba yangu ni seremala, na angekuwapo pale angemnyang'anya keekee.

Maneno hayo ni yangu, Baba, lakini niliyasema kwa jina lako. Mzee alivua kofia, akaikung'uta vumbi la mbao, akasema, "Sawa, baba." Nikaondoka na sanduku kwapani.

Alhamisi, niliporudi kutoka darasani, nilikuta mlangoni kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na vizibo kumi na viwili vya mbao, na juu yake jani refu la kijani lililofungwa fundo. Ujumbe wa maandishi haukuwapo. Kila kizibo kiliingia kwenye tundu lake kwa kusukumwa na kiganja. Nikatia gundi, nikapasua mto wangu nikajaza sufi ndani, nikafunga spika. Lile jani nililichukulia kuwa kamba tu, kwa kuwa watu wa huku hufungia vitu kwa majani na magome ya migomba. Nikamtupia mbuzi wa Bibi Aurelia, mama mwenye nyumba wetu.

Jumamosi mchana wakaja makomredi sita, wakajipanga kitandani kama kuku. Nikawasha. Kikombe cha chai kikatembea chenyewe juu ya meza. Sauti ilikuwa nene na kavu, haikuvuma hata kidogo, na yule aliyenipigia kelele ukumbini akakubali kwa kinywa chake kwamba ameshindwa. Ndio kwanza nasafisha koo niwape hotuba ya ushindi, Bibi Aurelia akasimama mlangoni.

Nilidhani amekuja kulalamikia kelele. Alinyoosha mkono: kiganjani alikuwa na fundo la kijani lililotafunwa nusu.

"Nani amekupa isale?"

Nikamweleza yote, nikicheka. Yeye hakucheka.

Isale nauona kila siku, Baba; ndio mmea wanaoupanda mipakani mwa vihamba vyao, mashamba haya ya migomba na kahawa. Miaka miwili niko hapa, nimesoma nadharia za usuluhishi za mabara matatu, wala hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia kwamba kwa Wachaga jani hilo, likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa.

"Mbuzi amekula msamaha wa mtu," alisema Bibi Aurelia. "Siku mbili mzee wa watu anangoja, wewe unapiga muziki."

Nilijitetea. Nilimwambia kwamba aliyekosea ni mzee, matundu ni yake, mimi ndiye niliyetendewa.

"Ndiyo maana amekuletea. Aliyekosa, kazi yake ameimaliza. Yako iko wapi?"

Makomredi wote sita walikuwa wanatazama sakafu. Walipoondoka niliutoa mchoro wangu nikautazama upya, na hapo ndipo nilipotaka kujipiga kofi. Vipimo vyote vimo, hadi milimita. Neno hewa halimo. Hakuna mahali nilipoandika kwamba sanduku lizibwe. Mimi niliyemwita mzee mkisiaji nilimwachia akisie jambo lililo kubwa kuliko yote.

Nikaenda Shirimatunda kwa miguu, nikitunga njiani maombi yenye utangulizi na hoja tatu. Nilimkuta anapiga randa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Limelia?"

"Limelia, mzee."

"Hewa?"

"Haitoki hata chembe."

Akatikisa kichwa kuridhika, akaendelea na randa. Hoja zangu tatu zikanipotea. Nikamwambia jinsi ilivyokuwa: kwamba jani lile sikulijua, na limeliwa na mbuzi.

Randa ikasimama. Akainua kichwa.

"Sasa aliyenisamehe ni wewe au mbuzi?"

Nimeshinda midahalo mingi, Baba, lakini huo nilishindwa. Nikamjibu kwamba ni mimi, na kwamba lile la keekee lilikuwa neno langu, si la baba yangu, nami namwomba radhi. Hakusema amesamehe. Alisogeza ubao mrefu juu ya meza, akachukua msumeno, akaniambia, "Shika huo upande." Nikashika. Alikata mbao tano, na katika mbao zote tano hakuna aliyetamka neno.

Mnisalimie Mama, na dada Zuhura aliyeolewa Namtumbo, mwambie mtoto wake mpya namwombea afya. Mnisalimie Mjomba anayetusomea dua, na bibi mzaa Mama, ambaye najua atasomewa barua hii mara tatu na kucheka mara zote. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote hapo Tunduru, na akupe wewe subira ya kunisikiliza siku nitakapopiga simu.

Mimi mwanao, niliyelitumia jina lako bila idhini,

Rashidi