Duara la Penseli

Jumatatu, 3 Machi
Madirisha yamekwisha! Manne, mbao nyekundu, vioo vinang'aa mpaka nimejiona uso mzima nikajuta. Futi kayafunga kwa siku mbili. Huyu Futi nilimfundisha useremala mimi, miaka tisa, karakanani kwangu. Alikuja hajui hata kushika nyundo. Jina nilimpa kwa sababu futi kamba yake ya kupimia alikwenda nayo mpaka chooni. Leo fundi mkubwa, ana gari. Mimi nina mgongo.

Nimeuza mashine yangu ya randa ili nilipie. Sijali. Ni kwa ajili ya kifua cha bibi — daktari kasema baridi na unyevu visimfikie tena kitandani. Futi kashapokea theluthi mbili, iliyobaki nampa Ijumaa nikishakagua. Kacheka: "Baba, unikague mimi?" Nikamwambia hata mke wangu nilimkagua kwanza. Bibi kanirushia kandambili. Kanikosa.

Jumanne, 4 Machi
Mvua ya alasiri. Dirisha la chumbani limefungwa kabisa, na mto wa bibi umelowa! Kakohoa mpaka jioni. Anasema labda hatukulibana sawasawa. Tulilibana! Nilitia na bega.

Nikawasha kiberiti, nikakipitisha polepole pembeni mwa fremu. Kikazimika. Cha pili, kikazimika. Njiti saba! Ukuta unapumua kuliko mimi.

Nikampigia Futi. Mbao mpya hutulia zenyewe, Baba, ngoja wiki moja, anasema. Mbao zitulie! Uongo huo niliutunga mimi, yeye hajaota hata ndevu.

Jumatano, 5 Machi
Nimechokonoa puti iliyoziba pembeni mwa fremu kwa kisu cha jikoni. Ndani, mahali pa saruji — gazeti! Limekunjwa mara nne, limeshindiliwa. Nikalivuta kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, mwisho akatokea mwanamke wa tangazo la dawa ya meno, ananichekea. Skrubu ni mbili. Zinatakiwa sita.

Bado namtetea. Labda vibarua wake. Labda yeye hili hakuliona. Kalala kwangu huyu, kala kwangu, siku ya harusi yake alivaa koti langu. Na hajalirudisha, sasa ndiyo nakumbuka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandua ubao unaofunika fremu kwa juu. Nyuma yake, duara dogo la penseli.

Nilikaa kitandani.

Niandike tu, hapa hakuna wa kunisuta. Duara hilo nililianzisha mimi. Akija mteja asiyejua kazi — mwenye haraka zake, mjane, mtu wa macho mabovu — nilichora duara nyuma ya fremu, pasipoonekana. Mafundi wangu wakiliona wanaelewa: huyu hagundui, usijisumbue na skrubu zote. Haikuwa mara nyingi. Basi, ilikuwa mara nyingi. Siku nilipomwonyesha Futi tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Na hili si la kibarua. Lina kimkia kushoto, alivyokuwa akiyachora yeye. Kwa hiyo alisimama hapa, kwenye kitanda cha bibi, akatoa penseli sikioni, akanichora. Mimi!

Nimebandua na yale matatu. Hayana kitu. Skrubu sita, saruji imejaa. Sebuleni, jikoni, ukumbini — kila ninapokaa mchana na kupachika miwani. La chumbani peke yake. Alijua humo naingia nimeshaivua.

Nimemwonyesha bibi, nikamweleza maana yake, maana nilishapandwa na hasira. Kalitazama sana. Akauliza, kwa upole kabisa, "Na yale madirisha uliyomfungia marehemu dada yangu, alipofiwa na mumewe?"

Nikasema nakwenda kutazama kuku. Hatufugi kuku.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika haraka, Futi yumo ndani.

Bahasha niliiandaa asubuhi. Gazeti lilelile, limekunjwa mara nne, unene sawa na hela. Hela zenyewe ziko chini ya godoro, upande mkavu. Kwenye kona ya bahasha nimechora duara. Na kimkia nimekitia.

Kafika saa nne, kaleta na ndizi za "mama", ndivyo anavyomwita bibi.
"Umeshakagua, Baba?"
"Nimekagua. Kwa macho yangu haya haya."
"Umeona kasoro?"
"Macho yenyewe ndiyo haya, mwanangu."
Akacheka. Nami nikacheka. Nikamkabidhi bahasha, nimeilaza upande wa duara chini. Nikangoja aifungue. Maneno nilikuwa nayo tayari, machafu, mazuri, nimeyapanga tangu alfajiri.

Hakuifungua! Kaisokomeza mfuko wa shati. Eti, "Nikuhesabie wewe, Baba? Mimi nani?"

Na alisema kwa moyo, mshenzi huyu. Namjua akidanganya, si nilimfundisha. Hakuwa akidanganya.

Yale maneno yote yamenikauka. Kasema anakwenda kumwamkia mama. Sasa yuko chumbani, namsikia anavuta kigoda, anakaa, mgongo kwenye dirisha lile. Alipokuwa akiingia niliiona bahasha imechungulia mfukoni, kona yenye duara juu.

Bibi anakohoa. Sasa anasema:

"Sogea karibu, mwanangu. Hicho kilichochorwa hapo mfukoni mwako ni nini?"