Kwaresima Iliyoanza Oktoba

Jumatatu, 6 Januari
Nimeipiga kahawa dawa ya bluu tangu asubuhi. Mvua ikakata kazi saa sita. Bomba linavuja, mgongo wote bluu. Nimekojoa mara nane kabla ya jua kuzama. Kiu haiishi.

Mwaka wa pili huu tangu chama cha msingi kinipunguze kazi ya kupima kahawa. Wanunuzi binafsi wamekuja na makarani wao, vijana. Mimi nina miaka arobaini na minane na bomba mgongoni.

Na lile jambo. Tangu Oktoba. Nitaliandika mara moja: sina nguvu za kiume. Hamu nayo imeondoka. Mama Kandida, mke wangu, anaona kuna kitu. Hajui ni nini.

Jumapili, 19 Januari
Baada ya misa Kapinga alinivuta pembeni. Tumesoma pamoja, namjua, ni mropokaji. Anasema hii dawa ya bluu ya kahawa ndiyo inayowamaliza wanaume wa huku milimani. Wa ziwani hawapigi dawa, tazama wanavyozaa. Sikumwambia habari zangu. Nimelifikiria njia nzima mpaka nyumbani.

Bomba nimelitundika stoo. Sipigi tena.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeteremka ziwani, Mbamba Bay, na lori. Nyumbani nimeaga kwamba nafuata usipa. Usipa nimenunua kweli, ndoo moja ya samaki wadogo wakavu. Halafu nikaenda kwa bibi mmoja wa Kinyasa anayetoa dawa za mizizi. Aliniuliza swali moja tu, tena bila kunitazama. Nilimshukuru kwa hilo. Mizizi ichemshwe, ninywe na asali, vikombe viwili kwa siku.

Wakati naondoka akasema: "Isiposaidia nenda hospitali, baba. Usinirudie mimi." Sikupenda.

Jumatano ya Majivu, 12 Februari
Nimemwambia Mama Kandida kwamba Kwaresima hii nafunga kila kitu, na kitanda kimo. Nimehamia chumba cha mbele. Alinitazama sana, kisha akaendelea kuchambua maharage.

Naona aibu. Nimejificha nyuma ya Msalaba. Lakini nimepumua. Mpaka Pasaka hakuna wa kuniuliza.

Jumanne, 25 Februari
Asali na mizizi, siku ya kumi na tisa. Hakuna kitu.

Nakonda. Suruali inashikwa na kamba. Nyayo zinachoma kama nimekanyaga makaa. Chai naweka sukari vijiko vinne, mwili unaidai. Zamani tulipanga foleni kwa kilo moja ya sukari. Sasa kila duka la Mbinga lina magunia, na mimi naila kama mtu anayelipiza kisasi.

Juzi niliteremka tena ziwani, mara ya tatu mwezi huu. Yule bibi alikataa kunipa mizizi mingine. Nikarudi na usipa. Tuna usipa wa kula mpaka Krismasi. Jioni nikafoka kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Chumvi haikuwa na kosa.

Jumamosi, 8 Machi
Chulebuni, ugonjwa wa kahawa, imeingia shambani. Punje changa zina madoa meusi, nyingi zimeanguka. Kwa jirani aliyepiga dawa, punje zote ni za kijani. Mama Kandida alikata tawi akanishikisha mkononi. Hakupaza sauti.

"Kahawa umeiacha. Mimi umeniacha. Kila siku uko ziwani. Kwaresima yako ilianza Oktoba, Baba Kandida."

Amewaita wasimamizi wetu wa ndoa. Watakuja Jumatatu ya Pasaka, nimtaje huyo mwanamke mbele yao. Baada ya hapo anarudi kwao Mkumbi.

Mwanamke! Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Nikaenda kukojoa.

Jumapili, 9 Machi
Afadhali anidhanie mzinzi. Ndivyo ninavyowaza. Nimeandika, nimesoma nilichoandika, na nimejiona mpumbavu.

Alhamisi, 20 Machi
Hospitali. Nimekaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto. Mara mbili nilinyanyuka niondoke.

Daktari ni mdogo kwangu, ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hakucheka. Aliuliza sigara, pombe, presha, dawa ninazomeza, usingizi, mawazo, kazi. Aliuliza kama kukosa hamu kulitangulia au kukosa nguvu. Sijawahi kuulizwa hivyo. Nikamweleza na ya dawa ya bluu. Akasema sumu ya shamba haichezewi, nirekebishe bomba na nijifunike, lakini kwanza aone mkojo.

Mkojo wakautia kwenye dawa ya bluu. Rangi ileile niliyoikimbia shambani. Wakachemsha. Ukageuka rangi ya tofali.

Kisukari. Kinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu polepole, na huko ndiko kinakogonga mapema kwa wanaume wengi. Kukosa kazi na mawazo vimeongezea. Umri peke yake hauna hatia. Vidonge. Sukari basi, asali basi. Nilipouliza kama nguvu zitarudi, alisema huenda, na kwa wengine si zote. Halafu: "Mama anajua?"

Nikachukua vidonge, nikainuka.

Alhamisi Kuu, 27 Machi
Tumekwenda kutengeneza ngoro za maharage, matuta yetu ya kuzunguka mashimo. Kwetu mume hufyeka na kupanga nyasi kwa miraba, mke hufuata na jembe, anachimba na kuzifunika udongo. Kwa hiyo alikuwa nyuma yangu. Nikasema nikiwa nimeinama, nyasi mkononi. Yote. Oktoba, Kapinga, mizizi, mkojo.

Jembe likanyamaza.

"Umeiua kahawa yangu kwa maneno ya Kapinga?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchimba. Sijui kama atawazuia wageni.

Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi
Hakuwazuia. Wamekuja wote wawili, mzee na mkewe. Shikamoo zikaisha, viti vikatolewa. Mzee akakohoa: "Haya mama, tumekuja. Sema."

Mama Kandida akasema: "Tulikosana kwa ajili ya kahawa. Baba Kandida aliacha kupiga dawa. Tumeshaelewana."

Mke wa mzee alimtazama, hakuamini. Mzee aliamini, akanifundisha kilimo cha kahawa saa nzima, mimi niliyeipima miaka kumi na minane. Niliitikia kila neno. Tukala.

Jumanne, 1 Aprili
Mvua ndogo.

Jana jioni shuka zangu nilizikuta zimerudishwa chumbani. Tumelala. Hakuna kilichotokea na hakuuliza. Asubuhi nimeamka mkono wake uko kifuani pangu, mzito, una udongo kwenye kucha.

Nimechelewa kwenda shamba.