Mama Ameziona Rangi Tena

Sindo,
Suba Kusini,
20 Julai 2025.

Mpendwa Kaka Maranga,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu. Wewe, Wifi Milka na mtoto mwaendeleaje huko Doha? Joto halijawamaliza? Huku sote tu wazima, na safari hii nikisema sote, Mama yumo.

Nisamehe kwa kukuficha. Mama alinikataza nisikutie hofu ukiwa mbali. Jana ameniruhusu.

Unajua alianza dawa za kifua kikuu Januari. Kikohozi kilipungua, akarudi kwenye cherehani yake. Wiki ya saba akashona sare za kwaya ya kina mama. Kola zilitakiwa ziwe nyekundu. Akaweka za kijani, zote kumi na mbili! Nilipomwonyesha, alikasirika.

"Valary, usinichezee. Hii si nyekundu?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nikampa Biblia asome. Akasema herufi zina ukungu, na katikati ya ukurasa kuna doa. Kumbe siku kadhaa alikuwa akiona hivyo, akidhani ni uzee.

Jirani yetu Phelesia akasema ni dawa za kifua zinazompofusha, akamshauri azitupe zote. Mama akakubali papo hapo! Tulibishana mpaka akanipa siku moja tu, nikampeleka kliniki kesho yake.

Daktari Austine alimfunika jicho moja, kisha la pili, akimwonyesha kitabu cha vidoti vya rangi. Akampima na damu. Alitueleza kwamba mojawapo ya dawa zile, ethambutoli, mara chache huumiza mshipa unaounganisha jicho na ubongo. Figo za Mama zilikuwa dhaifu bila sisi kujua, kwa hiyo dawa ilikuwa ikijazana mwilini.

"Hii moja tunaiondoa leo," alisema. "Hizo nyingine, mama, usikose hata siku moja. Ukiziacha, kifua kitarudi."

Nikamuuliza kama ataona tena. Akasema wengi hupona wakiwahi, lakini hakuweza kuahidi.

Kaka, nilihesabu siku. Kila asubuhi nilimuuliza leso yangu ina rangi gani. "Kama matope," alinijibu. Wiki ya tisa tangu aache dawa ile, tukiwa mlangoni mwa kanisa, Mama akasimama ghafla.

"Phelesia! Umri huu, na mdomo mwekundu namna hiyo?"

Nilipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka nje! Maskini Phelesia hakujua akasirike au acheke. Nilipomweleza, alimkumbatia Mama, akamwachia rangi ya mdomo shavuni.

Juzi Mama amemeza vidonge vya mwisho. Makohozi yamepimwa, ni safi. Daktari amesema macho yamerudi karibu kama zamani, na figo wataendelea kuziangalia.

Nisalimie Wifi Milka, na umbusu Byron wetu. Mungu awafunike kwa mkono wake kazini na nyumbani.

Dada yako anayekupenda,
Valary

Maranga mwanangu, nimemnyang'anya Valary kalamu. Huu ni mwandiko wangu, na mstari sijaupita. Nitumie picha ya mjukuu wangu. Nataka nione mwenyewe amechukua sura ya nani.
Mama.